Istilahi za Simu za Kero na Simu za Ulaghai

Katika toleo hili tumeonelea yafaa tuzungumzie istilahi zinazohusu simu na ujumbe ambao mtu hupelekewa katika simu yake ya mkononi pasipo yeye kuomba. Yamkini wapo watakaoliona jambo hili kuwa dogo, likilinganishwa na istilahi za sheria, za tiba au za ufundi. Sisi hatulioni hivyo. Simu ya mkononi siku hizi si chombo cha kuzungumzia tu, bali ni mfuko wa fedha pia, tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007 na nchini Tanzania mwaka 2008, na huduma nyingine za aina hiyo zikafuata. Mtu awezaye kuufikia mfuko huo kwa maneno matupu hana haja ya kuvunja mlango. Kwa hiyo, neno lisilo wazi katika onyo linalotolewa kwa umma laweza kumgharimu mwananchi karo ya mtoto au mtaji wa biashara. Na sisi tunaoshughulika na maneno hatuwezi kujitoa katika lawama hiyo.

Tuchukue mfano. Tumfikirie mama mmoja mchuuzi wa dagaa, mkazi wa Kigera, Musoma, mkoani Mara. Alfajiri hwenda mwaloni kununua dagaa, akawaanika, kisha akawauza kwa wateja wa mbali ambao humlipa kwa simu. Katika siku moja tu mama huyu aweza kupata mambo manne. Kwanza, tangazo linalomshawishi anunue kifurushi. Pili, simu inayolia mara moja tu na kukatika, kutoka namba ya nchi asiyoijua. Tatu, ujumbe usemao, “Ile pesa nitumie kwenye namba hii.” Nne, sauti ya mtu asemaye, “Shikamoo, mama. Mimi ni mwalimu wa mwanao. Mtoto amezidiwa hapa shuleni, tunahitaji fedha ya matibabu sasa hivi.”

Mama akimwuliza kijana wake maana ya mambo hayo, huenda akajibiwa, “Achana nao, mama, matapeli hao.” Jibu hili limetolewa kwa nia njema, lakini limeyatia mambo manne katika kapu moja. Tangazo la kifurushi huchosha, lakini si wizi. Simu iliyokatika haina hatari yoyote madhali hakuipiga tena. Ujumbe wa tatu ni mtego uliotupwa kwa watu wengi kwa pamoja, ilhali simu ya nne imeelekezwa kwake mwenyewe. Kila moja ina dawa yake. Tena, siku atakapopigiwa na mwalimu wa kweli, mama aliyefundishwa neno moja tu hatajua atumie kipimo gani. Maneno yasipotofautisha mambo, watu huogopa yasiyo na hatari na kuyapuuza yaliyo na hatari.

Isiyoombwa, isiyotakiwa na ya ulaghai

Hatua ya kwanza ni kutenganisha dhana tatu ambazo wafasiri wengi huzichanganya.

Dhana ya kwanza ni ya ujumbe usioombwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 20, inakataza kupeleka ujumbe wa namna hiyo kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na tumepata kuona watu wakiifasiri dhana hii kuwa “ujumbe usiotakiwa”. Tafsiri hiyo haitoshi. Jambo lisiloombwa laweza kutakiwa sana: onyo la upepo mkali ziwani halikuombwa na mvuvi, lakini hulipokea kwa shukrani. Kuomba ni tendo la kabla ya ujumbe kufika. Kutaka au kutotaka ni hali ya moyo wa mpokeaji baada ya ujumbe kufika. Katika mahakama tofauti hii si ya kuchezea, hasa baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo, katika maandishi ya sheria tunapendekeza “ujumbe usioombwa”.

Dhana ya pili ni ya ujumbe au simu isiyotakiwa, yaani ile inayomsumbua mpokeaji kwa kurudiarudia, hata kama mpelekaji hana nia ya kuiba. Kwa dhana hii neno “kero” limekwisha kukubalika vinywani mwa watu, nasi hatuoni sababu ya kulitafutia badala. Simu ya kero ni ile inayoudhi. Haina maana zaidi ya hiyo.

Dhana ya tatu ni ya simu ya ulaghai. Hapa nia ya mpigaji ni kujipatia mali au siri ya mwenzake kwa hila. Simu hii si lazima iudhi. Kwa kawaida huwa ni ya adabu na upole, tena huanza kwa salamu nzuri. Ndiyo sababu hatuwezi kuiita simu ya kero; mwananchi aliyefundishwa kujihadhari na kero hatajihadhari na adabu.

Wafasiri wakumbuke pia kwamba neno lichaguliwalo hubeba hukumu ndani yake. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, katika mkoa huohuo wa Mara, alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, aliiita Mabepari wa Venisi, nayo ikachapishwa mwaka 1969. Hakutumia “wafanyabiashara”, na neno alilolichagua lilikwisha kutoa hukumu kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Mtunzi wa tamthilia ana uhuru huo. Mtumishi wa Serikali aandikaye tangazo hana uhuru huo: hawezi kumwita “tapeli” kila mwenye kutangaza bidhaa bila idhini.

Kuhusu neno “taka”

Kwa ujumbe unaotumwa kwa wingi kwa kila mtu bila kuchagua, Waingereza husema spam. Asili ya neno hilo ni nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Katika mwaka 1970 kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, kilifanya mchezo ambamo jina la nyama hiyo lilirudiwarudiwa hata likafunika mazungumzo yote. Na watumiaji wa kompyuta walipoanza kusumbuliwa na matangazo yanayojirudia wakakumbuka mchezo ule. Kuliandika neno hilo “spamu” kungekuwa rahisi, lakini mzaha huo haumfikii mtu ambaye hakuuona mchezo wala hakuila nyama yenyewe. Neno la kukopwa likija bila maana yake, huwa ni sauti tu.

Katika programu za kompyuta na za simu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili limezoeleka neno “taka”, kama katika “barua taka”. Tunalikubali, kwa kuwa linaeleweka bila mwalimu. Tatizo lake ni kwamba “taka” ni kitenzi pia, chenye maana ya kupenda kupata. Mtu asomaye “simu taka” kwa haraka aweza kudhani ni simu inayotaka kitu. Kwa hiyo tunapendekeza neno hili litumike kwa maandishi, yaani “ujumbe taka” na “barua taka”, na kwa sauti itumike “simu ya kero”.

Laghai na tapeli

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya hila. Kudanganya ni kusema lisilo kweli, kwa sababu yoyote ile. Kupunja ni kumpa mtu pungufu ya haki yake katika kipimo au bei. Kurubuni ni kumvuta mtu kwa ahadi au zawadi. Kughushi ni kutengeneza kitu cha uongo kifanane na cha kweli. Kuhadaa na kughilibu ni kuyafumba macho ya mtu asione hali ilivyo. Wingi huu ni utajiri, lakini katika istilahi kila neno lazima lipewe kazi yake.

Yaliyo muhimu zaidi hapa ni “laghai” na “tapeli”, ambayo watu wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja. Tuyatazame katika sentensi. Twasema, “Amenitapeli shilingi elfu hamsini,” na kila mtu huelewa kwamba fedha zimekwisha kwenda. Lakini hatusemi kwa urahisi, “Amenilaghai shilingi elfu hamsini”; twasema, “Amenilaghai nikampa shilingi elfu hamsini.” Laghai hutaja njia, yaani maneno matamu na hila, tapeli hutaja tendo lililokwisha kutimia, yaani mali iliyochukuliwa.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Mwananchi apokeaye ujumbe wa “ile pesa” na asitume kitu, husema moyoni, “Hakunitapeli,” akaufuta ujumbe na kuendelea na shughuli zake. Asema kweli: utapeli haukutimia. Lakini ulaghai umetendeka, na namba ile itakwenda kwa jirani yake. Hivyo maonyo ya umma yafaa yaseme, “Toa taarifa ya kila ulaghai, hata kama hukupoteza fedha.” Tukisema “utapeli” tu, tutaletewa taarifa za waliokwisha kuibiwa peke yao, na wakati huo huwa umechelewa.

Umma nao umejitungia majina. Nchini Tanzania watu husema “wale wa tuma kwa namba hii”, wakimtambua mlaghai kwa kauli yake. Jina hili ni zuri kwa kufundishia, maana ndani yake limo onyo. Nchini Kenya husikika “watu wa Kamiti”, kwa kufuata jina la gereza lililoko Nairobi. Majina ya mahali hatuyapendekezi katika maandishi rasmi. Huwabebesha aibu watu wasiohusika, na tena humfanya msikilizaji adhani kwamba hila hutoka mahali pamoja tu.

Mbinu na majina yake

Sasa tuzitazame mbinu zenyewe. Tumefuata kanuni iliyozoeleka ya kuanza kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda kukopa nje.

Simu inayolia mara moja na kukatika huitwa na wataalamu wa mawasiliano wangiri, neno la Kijapani lenye maana ya mlio mmoja na kukata. Mwenye kuipiga tena huunganishwa na namba ya nje yenye gharama kubwa, na sehemu ya gharama hiyo humfikia aliyeutega mtego. Hatuna haja ya kwenda Japani. Watu wa Afrika Mashariki wamezoea “kubipu”, yaani kuita na kukata ili upigiwe bila kutumia salio lako. Mlaghai ameichukua desturi hiyo ya watu wenye salio dogo na kuigeuza mtego. Tunapendekeza “bipu ya mtego”.

Ujumbe unaomvuta mtu atoe siri zake, kama vile namba ya siri au namba ya uthibitisho, kwa Kiingereza hupewa jina lililotokana na kazi ya kuvua samaki. Hapa mkazi wa Kigera ni mwalimu wetu. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa. Dagaa huifuata nuru na kukusanyika penye wavu. Ujumbe wa “umeshinda zawadi” hufanya kazi ya taa ile. Lakini kwa kuwa uvuvi wa taa haujulikani kila mahali, tumeonelea neno “chambo” lifae zaidi, maana linaeleweka bara na pwani. Ujumbe huo ni “ujumbe wa chambo”, na kitendo chenyewe ni “kutega chambo”.

Mpigaji ajifanyaye mwalimu, mwenye nyumba, askari au mtumishi wa kampuni ya simu, tunapendekeza tendo lake liitwe “kujipachika”, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kusema “kujipachika cheo”. Namba inayoonekana kwenye kioo cha simu ilhali siyo iliyopiga kwa kweli iitwe “namba ya kughushi”. Walimu wasisitize jambo hili: namba unayoifahamu kutokea kwenye kioo si ushahidi kamili kwamba mwenye namba ndiye anayesema. Hali kadhalika sauti, maana siku hizi kompyuta yaweza kuiga sauti ya ndugu yako. Hiyo na iitwe “sauti ya kuigizwa”.

Mwisho ni ile hila ya mtu kuidanganya kampuni ya simu ili apewe laini mpya yenye namba ya mwenzake. Tunapendekeza “utekaji laini”. Dalili yake ni simu kukosa mtandao ghafla mahali ambapo majirani wanao. Aonaye hivyo asingoje hadi kesho. Atumie simu ya mwenzake kuiarifu kampuni mara moja.

Neno na kitendo

Istilahi nzuri humwonyesha mtu la kufanya. Kwa simu ya kero, dawa ni kuizuia namba katika simu yenyewe, na kumwarifu mpelekaji kwamba hutaki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake kutumiwa kwa matangazo ya biashara. Kwa simu ya ulaghai, kuzuia peke yake hakutoshi. Hapa hatua ni tatu: kata, hakikisha, arifu.

Kukata ni kukata simu bila kuona haya. Tunasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu mila zetu zatufundisha kumsikiliza asemaye kwa heshima mpaka mwisho, na mlaghai huitegemea heshima hiyo. Kuhakikisha ni kumtafuta mhusika kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile aliyokupigia. Yule mama wa Kigera ampigie mwalimu mkuu, au amwendee jirani mwenye mtoto shule hiyo. Kuarifu ni kuipeleka namba ya mlaghai kwa ujumbe kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kazi hiyo, na kuiarifu kampuni ya simu kwa namba 100. Kama fedha zimekwisha kwenda, kampuni iarifiwe dakika hiyohiyo, maana fedha zisizotolewa bado kwa wakala zaweza kuzuiwa. Kisha taarifa ipelekwe polisi.

Inafaa kila mtu apige pia *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulifikia kikomo tarehe 20 Januari 2020, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Hata hivyo ulaghai haukukoma, kwa kuwa zipo laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wasio na habari. Mtu aweza kuwa mwenye laini ya ulaghai pasipo kujua.

Aliyelaghaiwa aitweje?

Tumeliweka swali hili mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2024 ilianzishwa nchini Tanzania kampeni ya taifa yenye jina Sitapeliki. Kama neno la kampeni, ni fupi, lina nguvu, na limeundwa kwa kanuni halisi za Kiswahili. Lakini mwalimu atakayelifundisha aitazame kauli yake. Kiambishi -ik- huonyesha kwamba kitu kina tabia ya kupatwa na tendo: chungu huvunjika, njia hupitika. Kwa hiyo “kutapelika” huweka kasoro kwa mtu mwenyewe, ambapo “kutapeliwa” humtaja mtendaji wa uovu. Mmoja ni dhaifu, mwingine ametendewa.

Si kwamba twaikosoa kampeni hiyo. Kuna haja ya mtu kujiamini kwamba hatapelikiki, nayo yafaa kabla ya tukio. Baada ya tukio, neno lazima libadilike. Mtu aliyepoteza fedha akiambiwa kwa maneno au kwa kicheko kwamba “ametapelika”, ataona haya. Akiona haya atanyamaza, na akinyamaza hatapiga namba 100 katika zile dakika chache ambamo fedha zake zingeweza kuzuiwa, wala hatamwonya jirani yake. Aibu ndiyo inayomlinda mlaghai kuliko hila zake zote.

Kwa hiyo tunapendekeza katika fomu za polisi, za kampuni za simu na za ofisi za Serikali litumike neno “mlaghaiwa”, au kwa urefu “aliyelaghaiwa”. Neno “mhanga” halifai, kwa kuwa kwa asili yake ni mtu ajitoaye nafsi yake kwa ajili ya jambo, na huyu hakujitoa.

Muhtasari wa istilahi tunazopendekeza

1. Ujumbe usioombwa: uliopelekwa bila mpokeaji kuomba, hutumika katika sheria.
2. Simu ya kero: isiyotakiwa, inayorudiarudia, isiyo na nia ya wizi.
3. Ujumbe taka: uliotumwa kwa wingi bila kuchagua wapokeaji.
4. Simu ya ulaghai: iliyopigwa kwa nia ya kupata mali au siri kwa hila, hata kama haikufaulu.
5. Utapeli: ulaghai uliofaulu, mali ikachukuliwa.
6. Bipu ya mtego: mlio mmoja wa kumfanya mtu apige tena kwa gharama kubwa.
7. Ujumbe wa chambo: unaomvuta mtu atoe siri zake.
8. Kujipachika: kujifanya mtu au mwenye wadhifa fulani.
9. Namba ya kughushi: inayoonekana ilhali siyo iliyopiga.
10. Sauti ya kuigizwa: iliyotengenezwa kwa kompyuta ifanane na ya mtu fulani.
11. Utekaji laini: kujipatia laini ya namba ya mwenzako kwa hila.
12. Mlaghaiwa: mtu aliyetendewa ulaghai.

Haya ni mapendekezo, si amri. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali wayajaribu kazini mwao, wayasome mbele ya watu wa rika zote, na kutuletea maoni yao. Kipimo chetu kiwe kimoja: je, mama yule wa Kigera akilisikia neno hili redioni huku mikono yake ikiwa imejaa dagaa, atajua la kufanya? Neno ambalo yeye hatalielewa litafutiwe lingine.